Pasi Juu ya Uso wa Mkubwa

Mpaka leo nikiona nguo mbichi imetandazwa juu ya majani, mwili wote unanisisimka. Kuna inzi anayependa nguo kama hiyo. Anataga mayai kwenye unyevu wake, nawe ukiivaa bila kuipiga pasi, vifunza vinaingia ndani ya ngozi yako bila hata hodi. Vinakaa humo, vinakula, vinanenepa. Nachukia hata kuandika habari zao.

Mama aliwajua wadudu hao. Kwetu, mtaani Cimpunda, pasi ya makaa haikupoa: alipiga pasi shuka, taulo, leso, mpaka nguo za ndani, hasa kwenye mishono. Majirani walimcheka kwamba atakuja kupiga pasi hata sabuni.

Nilipokuwa mwanafunzi nilichaguliwa kuingia katika kikundi cha animasiyo, yaani kucheza na kumwimbia mkubwa wa nchi kila mgeni wa chama alipofika mjini. Wakati ule wa Zaïre hukuulizwa kama unapenda. Tulipewa blauzi za kitenge zenye uso wake, mmoja kifuani, mwingine mgongoni. Kiongozi wetu, mwanamke mwenye sauti ya filimbi, alitukataza kuzipiga pasi. Atakayeunguza uso ule, alisema, atajieleza mbele ya chama.

Mama alisikia, akaifua blauzi yangu, akaenda kuwasha makaa. Papa, yaani baba yangu, aliyekuwa karani wa serikali, akamzuia.

"Maman, acha. Ukiunguza sura ya Muzee, kesho miye sina kazi."

"Na bafunza bakiingia mu mutoto?"

"Jua itakausha. Inatosha."

Kamba ilikuwa imejaa, kwa hiyo blauzi ikaanikwa juu ya majani. Nikaivaa mazoezini.

Siku chache baadaye mgongo ukaota majipu, kila jipu na tundu dogo katikati. Nikiegemea dawati nilihisi kitu kinajigeuza ndani ya nyama yangu. Nilitamani kujivua ngozi niitupe. Siku ya mgeni tulicheza juani tangu asubuhi, tukitabasamu kwa amri. Mgeni mwenyewe akapita ndani ya gari, vioo vimefungwa. Usaha na jasho vilikuwa vimeulowesha uso wa mkubwa mgongoni mwangu.

Nyumbani mama alinilaza kifudifudi. Akanawa mikono kwa sabuni, akapaka vazilini nene juu ya kila tundu. Mdudu akikosa pumzi anajitokeza mwenyewe, alisema. Ukimvuta kwa pupa anakatika na kuozea ndani. Tukangoja. Kisha akaminya taratibu, kidole gumba huku na kidole gumba huku, nao wakatoka: weupe, wanene, wakijinyonganyonga ndani ya sahani ya bati. Papa alikuwa mlangoni. Aliitazama sahani, akatoka nje, tukamsikia anatapika.

Mama akanisafisha vidonda kwa sabuni, akavipaka dawa.

Kesho yake alifua blauzi, akaitandaza mezani, akaifungua pasi. Ilikuwa tupu. Papa ndiye aliyeleta makaa kutoka jikoni, akayapuliza mwenyewe mpaka yakawa mekundu. Mama akaanza na paji la uso, akashuka puani, akapita mdomoni. Mvuke ukapanda. Papa alikuwa ameinama juu ya meza, macho yake hayabanduki.

"Rudilia ku masikio," akasema. "Pale kungali maji."