Ubao wa Bwana Kesho

Mtaani walimwita Bwana Kesho. Ukimpelekea kazi ya picha, jibu lake lilikuwa hilohilo: ubao haujakauka, njoo kesho. Ubao wa dukani, uliokwisha kupakwa, hakuutaka hata kuuona. Plaiwudi aliikata mwenyewe, akaipiga msasa, akachemsha gundi, akaichanganya na unga wa chaki, akapaka mkono wa kwanza. Kisha huyo, kakaa anasubiri, na wateja wanapiga kelele mpaka wanachoka.

Mara moja tu maishani alifanya haraka. Mkewe alikuwa hoi kitandani, na picha ya kamera hakuwa nayo hata moja, maana alizikimbia siku zote, eti zinamkondesha. Basi mume akapaka mkono wa pili wakati wa kwanza bado mbichi, tena gundi akaizidisha ili ishike upesi. Akamchora ameegemea mito, anacheka. Wiki hiyohiyo wakamzika.

Sasa binti yao ni mtu mzima, na picha ile inabanduka. Rangi haina kosa, kosa liko chini yake. Ule weupe wa gundi na chaki umejikunja, ukavunjika, ukaondoka na shavu, halafu pua, halafu jicho moja. Mzee akibandika kipande, viwili vinaanguka. Kafunga madirisha, kakataza chumba kisifagiwe. Wapi! Kila asubuhi anakuta mkewe kapungua tena.

"Si uchore nyingine, baba?" binti akamwambia.

Ubao mpya akautengeneza kwa adabu zote, kila mkono akaungoja ukauke kabisa. Ukatoka laini kama ganda la yai. Akakaa mbele yake na brashi. Kicheko alikikumbuka. Pua je? Akafumba macho, akatafuta, hakupata kitu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiikumbuka picha, si mkewe. Akaogopa, jamani, akaogopa kweli.

"Nikae mimi," binti akasema, akavuta kiti. "Si mama yangu? Ukiniangalia utamwona."

Mzee akamtazama. Paji la uso, pua, kidevu, vyote vilikuwa vya mzee mwenyewe. Hata marehemu alikuwa akinung'unika kwa utani kwamba mimba kaibeba bure, mtoto kwake hakuchukua hata ukucha.

"Unamwona, baba?"

"Namwona. Tulia hivyohivyo, mwanangu," akasema, na brashi mkononi ilikuwa bado kavu.