Simu ya Msoma Mita

Zamani msoma mita za maji alikuwa akija kwetu Masisi na daftari. Juma hili amekuja na simu inayopiga picha ya mita na kupiga hesabu yenyewe. Kwa jirani yangu simu ililia.

"Mama, simu inasema bomba iko inavuja. Nyumba ya watu wanne haiwezi kumaliza maji hivi. Nitafunga maji."

Mama akasukuma mlango. Ndani walijaa watu waliokimbia vita huko Kingi, na kichanga anaogeshwa ndani ya beseni.

"Huku njo inavujia, Papa. Funga basi."

Msoma mita akatafuta kwenye simu mahali pa kuandika wageni, hakupaona. Akaandika idadi yao kwa kalamu kiganjani, akaondoka bila kufunga.

Simu ni nzuri, inasoma haraka. Ningewaomba tu walioitengeneza waiongezee swali moja: jana mumelala wangapi?