Boti Iliyonyweshwa Maji

Mwandawiro ni mdogo wangu, tumbo moja. Sisi ni watu wa Ronge, watu wa milima, na kwetu hakuna aliyewahi kupanda boti kabla yake. Aliteremka Ziwa Jipe akiwa kijana kuwavutia watu nyavu zao, akapenda maji. Nilisema atarudi. Basi, nangoja mpaka leo.

Boti yake ni ya mbao, anapeleka wageni kuangalia viboko. Mwaka jana mama mmoja wa Voi alikanyaga sakafu, ile ya juu abiria wanaposimama, mguu ukazama mpaka gotini. Mbao zilikuwa zimeoza. Afisa wa boti akakataza isibebe mtu mpaka aje kukagua sakafu mpya, mwisho wa mwezi. Mwandawiro hana shamba, mbuzi hana. Ana hiyo boti.

Akamleta Musyimi, fundi wa kunyoosha bodi za magari Voi. Musyimi boti hajui, lakini epoksi anaijua: gundi ya mikebe miwili, ukiichanganya na hadina, dawa yake ya kugandisha, inakuwa ngumu kama jiwe. Aling'oa mbao mbovu, akapigilia mpya, akapiga msasa, akaagiza ziachwe zikauke kabisa. Jumamosi akarudi akapaka.

Iling'aa mpaka unajiona. Halafu ikafura malengelenge, na Musyimi alipoingiza kisu ikabanduka kama ganda la muhogo wa kuchemsha. Chini yake mbao zilikuwa na maji.

Hapo wakaanza. Musyimi akasema ameuziwa mbao mbichi. Mwandawiro akasema dawa ya magari ikae kwa magari. Mimi nilikuwa nimeleta ndizi, nikakaa nikawasikiliza, mpaka Musyimi akaona magunia nyuma ya boti yanachuruzika maji.

"Mzee, hii boti unainywesha?"

"Kila asubuhi. Mbao ikikauka inapasuka."

"Na mimi nilisema ikauke."

"Ulisema ikauke. Hukusema ipasuke."

Wenye boti wote pale Jipe wanafanya hivyo. Boti ikipandishwa nchi kavu inafunikwa magunia ya maji, la sivyo mbao zinaachana. Wakabishana sana, mwisho wakakubaliana: tumbo la boti lifungwe magunia yenye maji, sakafu isiguswe na tone. Musyimi akafunga turubai juu, akakwangua kila kitu, akaanza upya.

Lakini Mwandawiro hakuweza kukaa. Jua likipanda, mbao zinalia ta, ta, na mkono wake unatafuta ndoo. Musyimi akaniomba, "Mama, mchukue huyu."

Nikampeleka Ronge. Alikula vizuri, akakosoa ninavyopanda mahindi, na kila asubuhi aliuliza kama huko chini kuna jua kali. Nikamwambia jua la Jipe halinipigii simu.

Tuliporudi afisa alikuwa ameshafika. Aliruka juu ya sakafu, akaipiga kisigino, akainama akaikwaruza na ufunguo. Akasema ibebe watu.

Mwandawiro alichukua ndoo ya maji akaimwaga yote juu ya sakafu. Maji yakateleza yakaanguka pembeni yote, mbao zikabaki kama hazijaguswa.

"Haitaki tena," alisema Mwandawiro.

Akaweka ndoo chini, wakaisukuma boti majini. Aliniita nipande, niwe abiria wa kwanza. Nikamwambia nitapanda siku atakayorudi nyumbani kukaa. Akawapandisha wageni wengine.