Aliyefagia Kaburi Lake

Nilipopunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika nilibaki na mashine ya kupiga chapa, kamera ya mtumba, na matumaini kwamba magazeti mapya yaliyokuwa yanaanzishwa Dar es Salaam yangehitaji mtu wa Mwanza. Kweli yalihitaji. Gazeti moja lilitaka makala za safari. Jingine lilitaka ushauri wa fedha za nyumbani, maana ghafla kila mtu alikuwa mfanyabiashara na hakuna aliyewahi kufundishwa biashara. La tatu lilitaka mambo ya jamii, hasa yale ambayo gazeti la serikali lilikuwa likiyapita kimya. Nikawa mwandishi wa kujitegemea wa yote matatu. Nikitoka mara moja nilijitahidi kurudi na makala tatu, na bahasha nilimkabidhi kondakta wa basi la Dar.

Siku moja mhariri wa ukurasa wa fedha aliniomba habari za vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Nikaelekezwa kijiji kimoja upande wa Ilemela, mbele ya uwanja wa ndege, ambako wauza dagaa walikuwa na kikundi kilichosifiwa. Nilifika asubuhi. Walikuwa wamekaa barazani kwa mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, kila mmoja juu ya kigoda chake. Kigoda kimoja kilikuwa kitupu.

Bakuli la michango lilipita mkono kwa mkono. Lilipofika kwenye kile kigoda, mama aliyekuwa nalo aliliweka juu yake, akaliacha hapo kidogo, halafu wa upande wa pili akalichukua.

"Mwenzenu amechelewa?" nikauliza.

"Ni marehemu," mwenyekiti akasema. "Ziwa lilimchukua."

Nikawapa pole. Wakaitikia kwa pamoja, kwa utulivu, na mazungumzo yakarudi kwenye mikopo. Walinieleza vizuri, na mpaka tunamaliza nilishaona makala yangu yote ilivyokaa. Nikaomba kuonyeshwa njia ya kwenda ziwani nikapige picha za ukurasa wa safari.

"Pita juu, kwenye mawe," mwenyekiti akaniambia. "Njia ya chini haina watu."

Lakini picha za ziwa ni nzuri zaidi ukiwa karibu na maji, kwa hiyo nikashika njia ya chini.

Miaka ile magugu maji yalikuwa yameanza kuziba ghuba zetu. Nilipofika ufukweni sikuona maji. Niliona kama shamba la kijani limetandazwa mpaka mbali, na mitumbwi imekwama katikati yake kama imepandwa. Ziwa huwa lina sauti hata likiwa shwari. Pale halikuwa na sauti yoyote. Nilipiga picha mbili tatu, na mlio wa kamera ulinishtua mwenyewe.

Mbele kidogo niliona moshi unatoka kwenye nyumba ya peke yake. Pembeni ya nyumba palikuwa na kaburi la udongo lenye msalaba wa mbao, na mama mmoja wa makamo ameinama analifagia kwa ufagio mfupi.

"Shikamoo, mama."

Alisimama, akageuka kutazama nyuma yake. Aliporidhika kwamba hapakuwa na mtu mwingine, akanitazama mimi.

"Unanisalimia mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Marahaba," akasema. Aliitamka taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umevunjika.

"Pole na msiba. Ni nani wako?"

"Ni mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanisogezea benchi na kujitambulisha. Jina alilonitajia ndilo lililokuwa limechomwa kwa chuma cha moto kwenye ule msalaba. Nikatazama miguu yake, nikaona aibu kwa kuitazama. Ilikuwa ina vumbi kama yangu, mmoja umepinda kidogo.

"Umetoka kule juu, kwenye kikundi?" akauliza. "Kigoda changu bado wanakiweka?"

"Wanakiweka."

"Wananipenda," akasema.

Alinisimulia huku anasonga ugali. Alikuwa amekwenda visiwani kununua dagaa, na wakati wa kurudi dhoruba ikaupindua mtumbwi. Alishikilia dumu tupu mpaka wavuvi wa upande wa pili wakamwokota na kumpeleka kisiwa cha mbali. Huko aliugua. Mguu ulikuwa umevunjika, na homa ikampanda kichwani hata hakuweza kusema anatoka wapi. Huku nyumbani walimtafuta, wakapata khanga yake ikielea. Wakangoja. Mwishowe wazee wakaamua azikwe ili nyumba itulie. Walikata kipande cha mgomba cha urefu wake, wakakivika ile khanga, wakakilaza kaburini kwa sala zote. Watu walinyoa nywele.

"Mimi nikarudi mchana, kwa miguu," akasema. "Wa kwanza kuniona ni wifi yangu, alikuwa anaanika dagaa. Aliweka ungo chini akaondoka. Angekimbia ningejua ameniogopa. Alitembea tu, kama mtu aliyekumbuka kazi nyingine."

"Na mume wako?"

"Alisimama mlangoni. Akaniambia, 'Tumekwisha kulia.' Halafu akachukua godoro lake akahamia kule juu."

Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliacha tu kumwona. Akienda dukani, muuzaji alimwekea chumvi mezani huku macho yake yako ukutani. Alikuwa amesikia watoto wakisema ni msukule. Wakubwa wengine walisema ni kitu cha ziwani kilichovaa mwili wake. Yeye aliendelea kupika, kulala, na kufagia.

"Kwa nini unalifagia?" nikamuuliza.

"Lisipofagiwa litaota majani. Nani mwingine atalifagia?"

Akaniwekea ugali na dagaa, akanitengea maji ya kunawa. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa naandika magazetini, na hata hivyo mkono wangu ulikataa kwenda kwenye sahani. Tangu utotoni tuliambiwa ukila chakula cha wafu hutarudi kwenu. Yeye alingoja bila kunihimiza. Nilijua akiona sahani imerudi imejaa hatasema kitu, na hilo ndilo lililonishinda. Nikamega. Dagaa walikuwa na chumvi nyingi. Nikala mpaka nikamaliza.

Nikamwomba nimpige picha. Akajifunga khanga vizuri, akasogea kwenye kaburi.

"Nisimame upande gani?" akauliza. Nikainua kamera. Akasimama upande wa msalaba.

Nilipanda tena kijijini, maana sikuweza kuondoka hivi hivi. Akina mama walikuwa bado barazani.

"Nimeongea na mwenzenu," nikasema. "Yuko hai. Nimekula kwake."

Walitazamana. Halafu, mmoja baada ya mwingine, macho yao yakahama kutoka usoni kwangu na kutua pembeni kidogo ya bega langu. Mwenyekiti pekee ndiye aliyenijibu, na alisema kwa sauti ya chini kabisa.

"Mimi ndiye niliyeshika upande wa kichwa. Nilimshusha kaburini kwa mikono hii, nikamwimbia. Ukiniambia yuko hai, mimi nilimshusha nani?"

Baada ya hapo naye akaanza kutazama pembeni.

Niliaga, hakuna aliyeitikia. Watoto walionikimbilia asubuhi wakiita "dada mwandishi" walinipisha njiani kimya. Pale stendi niliagiza chai. Muuzaji alifuta meza mbele yangu, akamhudumia mzee aliyekuja baada yangu. Nikaagiza tena. Akafuta meza ile ile. Nilishika mkono wangu mwenyewe kuona kama una joto. Mpaka tunaingia mjini sikuongea na mtu, na niliposhuka nikakanyaga mkeka wa mama muuza nanasi, akanifokea kwa Kisukuma na Kiswahili. Nilimshukuru. Alinitazama kama mwendawazimu.

Makala ya fedha na ya safari zilitoka bila shida. Ya tatu ndiyo iliyonisumbua. Mhariri wa gazeti la safari alisikia habari hiyo, akanipigia kwenye simu ya posta akitaka jina la kijiji na picha ya "mzimu" kwa ukurasa wa mbele. Nikamnyima vyote viwili, na kwake sikuandika tena. Gazeti la mambo ya jamii liliichapa bila jina wala picha, kwenye ukurasa wa ndani. Sikusikia kama kuna mtu aliyeisoma.

Picha nilimpelekea yule mama mwenyewe, safari hii nikipita njia ya mawe kisha nikishuka. Alijitazama muda mrefu. Nikamwambia kwamba shangazi yangu ana chumba cha kupangisha Buhongwa, kwenye barabara ya Shinyanga, ambako hakuna anayemjua. Alifikiri, akaenda kulifagia kaburi mara moja zaidi, akafunga sufuria zake kwenye khanga, tukaondoka wote. Hakuna aliyetuzuia. Tulipita mbele ya watu wengi.

Buhongwa alianza kuuza nyanya na dagaa. Nilizoea kumpitia kila nikitoka safarini, akawa ananiita mwanangu. Aliongezeka mwili, akajiunga na kwaya, akawa mgomvi kidogo kuhusu nafasi yake sokoni. Ukimwona usingejua chochote.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta sokoni, siku hiyo hagombani na mtu.

"Mwenyekiti wetu alipita hapa leo," akasema. "Anakwenda msibani Shinyanga. Alinunua nyanya kwangu."

"Akakujua?"

"Alinitazama sana. Mara hii alinitazama usoni. Akaniambia, 'Mama, unafanana mno na mwenzetu mmoja aliyefariki ziwani.' Akaniuliza kama nina ndugu upande ule."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nilikuwa na ndugu kule." Alipanga nyanya zake upya, zile nzuri mbele. "Alilia, mwanangu. Alilia kweli kweli, hapa hapa. Nikampa pole, nikamwongezea nyanya mbili, akapanda basi."