Siku Tatu Nilizotumikia Kachumbari

Nianze na ujinga wangu. Asubuhi ya kwanza kazini nilimwaga ndoo aliyotapikia mdogo wangu, nikajifuta mikono kwenye suruali, nikaenda moja kwa moja kukata kachumbari ya mgahawa wa Mama, hapa mtaani Ng'ambo.

Ninyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza mtauliza kwa nini. Kwa sababu ya elimu! Wiki ile kuhara na kutapika kulizunguka nyumba nzima, kukaniruka mimi tu. Shangazi, ambaye ni mtaalamu wa maabara, akanieleza: kirusi kikifika tumboni hushika vijisukari vilivyofunika seli za utumbo, kama kupe anavyoshika manyoya ya ng'ombe. Si sukari ya chai, ni ya mwili wenyewe. Wapo wanaozaliwa bila aina fulani ya vijisukari hivyo, na baadhi ya virusi huwapita kwa kukosa pa kushika.

"Basi mimi ni mmoja wao," nikatangaza.

"Sijakupima," alisema Shangazi. "Na hata ungekuwa, mikono yako bado inabeba virusi."

Hilo la mikono sikulisikiliza. Nilishachoka. Mkurugenzi Mkuu, yaani Mama, alikuwa na swali moja tu tangu asubuhi. Nikishika kisu: "Umenawa?" Nikipiga chafya: "Umenawa?" Jamani, hata polisi hubadilisha maswali!

Bibi, aliyekuja kutoka kijijini Goweko kutuuguza, alionja wa kwanza. "Mume wangu, leo umeniandalia," akasema, akaongeza kijiko. Nami nikala. Ndipo Mama akagusa sabuni: kavu. Beseni zima likaenda shimoni, mimi nikahamishiwa kitengo cha masufuria.

Kesho yake Bibi alitapika mpaka akashindwa kusimama. Zahanati wakamtundikia dripu. Nilikaa kando ya kitanda, utani wote umeniisha, nikamshika mkono.

"Mume wangu," akanong'ona, "umenawa?"

"Nimenawa, Bibi. Mara tatu."

Siku ya tatu, Bibi amesharudi nyumbani na uji unakaa tumboni, mimi nikastaafu ghafla, kichwa ndani ya ndoo ileile. Kumbe vijisukari ninavyo, tele! Zamu yangu ilichelewa tu.

Mama akanishika paji la uso, akamtazama Bibi, akasema:

"Angalau tumejua huyu si mtoto wa kuokota, anaugua kama ukoo wote. Wewe, ukimaliza, ndoo unaiosha mwenyewe. Halafu unanawa."