Mama Aliyehesabu Moshi

Nilipopata kazi ya udadisi, yaani kwenda nyumba kwa nyumba na maswali, nilijiona msomi. Nilikuwa na kishikwambi, kofia mpya, na mwongozo niliouhifadhi kama mtoto anayejiandaa na kipaimara. Kwetu Tunduma nilishaanza hata kuwasahihisha watu Kiswahili chao. Nasimulia nilivyokosea kwa sababu kosa lenyewe lilinionyesha mama mmoja ambaye mpaka leo nikimkumbuka najikuta nimekaa vizuri kwenye kiti.

Alikuwa msimamizi wetu: mwanamke wa makamo, Mndali wa Ikinga kule milimani Ileje, mfupi, mpole, anayebeba daftari la karatasi wakati sisi sote tuna vishikwambi. Hakuwa na haraka ya kuamua jambo lolote, na kwa hilo nilimsema sana pembeni.

Tulipelekwa bondeni Momba, upande wa Ivuna, kuhesabu kaya kwa ajili ya kisima kirefu cha pampu. Kitongoji chenye kaya nyingi ndicho kingechimbiwa kwanza. Vingine vingesubiri, na kila mtu anajua huko kusubiri maana yake nini. Nilichopewa mimi kilikuwa cha wafugaji wa Kisukuma waliohamia zamani na ng'ombe wao. Maji ya karibu yalikuwa na chumvi, hata sukari haikuisaidia chai. Ya kunywa yalifuatwa mbali, na waliokuwa wakiyafuata ni wanawake, ndoo kichwani, wanarudi jua limeshapanda.

Mwongozo ulisema kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Katika boma la kwanza mzee mwenyewe alinipa kigoda na kikombe cha maziwa.

"Mzee, hapa pana kaya ngapi?"

"Kaya ni hii hapa, kijana. Moja."

"Mnakula pamoja?"

"Wote pamoja. Sisi hatugawanyiki."

Nikajaza: kaya moja, watu thelathini na mmoja. Hadi jioni ya siku ya pili nilikuwa nimemaliza kitongoji kizima, kaya tisa. Mwenzangu aliyetumwa kurudia maboma mawili kwa ukaguzi aliambiwa yale yale. Tukapongezana. Namba zikikubaliana namna ile, nani atazibishia?

Msimamizi alizibishia. Asubuhi tulipokuwa tunapakia mizigo kwenda kuwasilisha kazi Chitete, makao makuu ya wilaya, hakuonekana. Nilimkuta amesimama juu ya kichuguu, daftari mkononi, anayatazama maboma.

"Mama, gari linasubiri."

"Lisubiri, baba. Nahesabu moshi."

Nilidhani anatania. Akaniambia kwao Ikinga, baridi ikikaza, mtu akiamka hutazama kwanza moshi wa majirani, ajue nani kaamka salama na nani hana moto. Kisha akanionyesha boma la yule mzee. Moshi ulitoka sehemu saba.

"Wewe umeandika kaya moja," alisema. "Majiko saba hayo, yote yanapika chungu kimoja?"

Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba nilifuata mwongozo neno kwa neno, na ukaguzi ulitoa jibu lile lile. Hakukasirika.

"Baba, ukipimia mahindi debe lililobonyea, utapata jibu lile lile kila siku. Na kila siku utakuwa umempunja mtu."

Miaka baadaye, chuoni, mhadhiri alitumia kipindi kizima kutueleza kwamba kipimo kinaweza kuwa thabiti bila kuwa halali. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwa debe.

Tulirudi bomani, na huko ndiko nilikoaibika. Kumbe kwa Kisukuma kaya ni mji mzima: mzee, wake zake, wanawe na wake zao. Yeye alijibu neno la kwao, mimi nikasikia neno la mwongozo. Na kule kula pamoja? Wanaume walikaa uani wakala pamoja kweli, lakini kila mwanamke alipika kwenye jiko lake, kwa unga wake na maji aliyoyafuata mwenyewe, kisha akaleta sahani yake. Mzee hakudanganya, mimi sikudanganya, na kisima kilikuwa kinawapita.

Msimamizi hakuuliza tena kaya. Aliwafuata wanawake mmoja mmoja jikoni, akauliza, "Moto huu unalisha nani?" Mkwe mdogo wa mzee alisita.

"Mie sina kaya, mama. Kaya ni ya mzee."

"Na maji ya moto huu anayafuata nani?"

"Mie."

"Basi nakuandika."

Yule dada akatutazama, akakaza khanga kiunoni. "Haya, niandike."

Tulikaa siku tatu zaidi. Ofisi ilipiga simu kali: muda umekwisha, namba za kwanza zinatosha. Alijibu kwa upole, kwa lafudhi yake ya Kindali, kwamba hatasaini namba asiyoiamini. Kwenye ripoti aliandika: kosa ni la swali, si la wenyeji wala la wadadisi. Niliisoma sentensi ile mara tatu, mimi niliyekuwa nikimsema pembeni, nikaona haya, nikampenda kama mama yangu. Kitongoji kilipanda kwenye orodha. Mkataba wa msimamizi haukuongezwa.

Nilipita tena kule mwaka uliofuata, pampu imeshasimikwa na inatoa maji. Yule mkwe alinitambua.

"Yule mama wa moshi yuko wapi?"

Nikamwambia siku hizi anauza mchele Tunduma. Akanijazia maji dumu la lita tano. "Mpelekee aonje."

Nililipakata njia nzima, na njia ile ina mashimo. Mama aliyaonja kwa kiganja, amekaa nyuma ya magunia yake. Macho yakamlowa.

"Hayana chumvi," alisema. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Na siku hizi pale bomani pana majiko mangapi?"

"Sikuhesabu, mama."

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa nane mchana, moto umeshazimwa."

"Basi hukufika," akasema, akayamimina maji kwenye birika la chai.