Mlango Mmoja Ambao Geng Hakuuandikia

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Geng Baoshu anamaliza kufagia mbele ya soko la mboga. Anaegemeza ufagio wake wa mianzi ukutani na kuvuta ndoo. Ndani yake mna maji na fimbo ndefu, mwishoni imefungwa kipande cha sponji ya godoro kuukuu kilichochongwa ncha kama brashi. Anainama, anaandika herufi nane juu ya mawe ya barabara. Ya kwanza inakauka kabla hajafika ya nane.

"Mzee Geng, subiri basi nisome," anamtania Mama Pang, muuza mikate ya mvuke. "Au umeandika matusi?"

"Matusi ningekuja kujifunza kwako," anajibu bila kuinua kichwa.

Geng ana miaka 58. Amefagia barabara hii ya mji mdogo wa Liushan, mkoani Gansu, kwa miaka ishirini na mmoja. Leo analipwa yuan 2,300 kwa mwezi. Alipoanza zilikuwa 420, mkewe Caixia akiumwa mapafu, na karatasi ya kujifunzia ilikuwa anasa. Maji yalikuwa bure.

Shule aliiachia darasa la tatu. Qiu, mwalimu mstaafu aliyepita sokoni kila asubuhi, alimkuta akinakili vumbini maneno ya mabango, akaanza kumfundisha bila malipo. Kwa miezi mitano Geng hakuandika herufi, alirudia mstari mmoja tu wa kulala, ule ambao herufi nyingi huanza nao. Majira ya baridi, maji yalipoganda juu ya mawe, aliandika kwenye majivu ya jiko. Caixia alilalamika kwamba anakula uji wenye majivu. Geng hakuacha.

Jambo moja aliloonywa hakulishika. Mwalimu Qiu alimwambia maji ni rafiki mnafiki, hukauka pamoja na kosa lako. Asipozoea karatasi ataiogopa. Geng akasema karatasi itakuja mkono ukiiva. Basi kila mwaka aliisogeza karatasi hadi mwaka unaofuata.

Miaka saba iliyopita Suyun, mtoto wao pekee, aliolewa. Kwa mshahara wake wa kiwanda cha soksi alinunua karatasi mbili nyekundu na chupa ya wino, akaviweka mezani. Alimwomba baba yake aandike maneno ya kubandika pande mbili za mlango siku ya harusi. Geng aliziangalia karatasi hizo siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu alikwenda dukani, akanunua maneno yaliyochapishwa, yenye herufi za dhahabu.

Kaka yake Caixia alisimama mlangoni mbele ya wageni. "Shemeji, barabara nzima umeiandikia, kwako unabandika ya dukani?"

Watu walicheka. Suyun hakucheka. Kabla ya kupanda gari alimwambia baba yake, "Wapita njia unawaandikia wakanyage. Mimi umeniona sistahili hata karatasi."

"Nilidhani namwepusha aibu," anasema Geng. "Kumbe aibu ilikuwa yangu, nikambebesha yeye."

Baada ya harusi alianza kuandika kwa wino juu ya magazeti ya zamani. Mwaka wa nne akashika nafasi ya pili katika mashindano ya wilaya. Sasa kila Mwaka Mpya wa Kichina unapokaribia, nyumba zinapobandika maneno mapya milangoni, watu hupanga foleni kwake na karatasi zao nyekundu. Mwaka jana aliandikia milango zaidi ya mia mbili. Mwalimu Qiu hakuyaona hayo. Alikufa majira ya baridi yaliyofuata harusi.

Suyun anaishi Lanzhou. Humpigia simu mama yake. Geng hajawahi kuuona mlango wa bintiye.

"Nilimwambia nenda," anasema Caixia. "Akasema mkono ukiiva. Huo mkono unaiva mpaka uoze?"

Zile karatasi mbili bado zimo kabatini, wekundu wake umepauka. "Hizo siwezi kuziandika," anasema Geng. "Siku yake ilipita."

Mwaka juzi mama mkwe wa Suyun alifariki. Nyumba yenye msiba haibandiki nyekundu: mwaka wa kwanza nyeupe, wa pili kijani. Mwaka huu ni zamu ya kijani, na ya kijani huipati kirahisi dukani. Lazima pawe na mtu wa kuandika.

Wiki iliyopita, Caixia akiwa katikati ya mazungumzo, Geng aliichukua simu mkononi mwake. Hakusalimia hata. Alimuuliza bintiye mlango wao una urefu gani.



"Subiri, Baba," Suyun akasema. "Nitafute kamba nipime."

Geng atapanda basi la Lanzhou siku nne kabla ya Mwaka Mpya. Amekwisha kukata karatasi za kijani kwa kipimo alichopewa, lakini hajaziandika na hataziandika Liushan.

"Nitaandikia mezani kwake," anasema. "Nataka aone mkono ukitetemeka."